Maua Mahali pa Ming'oko

Mjukuu wangu, nakumbuka wiki moja nzima niliyolia bure, na kila nikiikumbuka hucheka mpaka kilemba kinanidondoka.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, watu wenye fedha za korosho wakaanza kuota maghorofa. Hapa Newala, mbele ya stendi, mfanyabiashara mmoja alitaka kujenga maduka chini na vyumba vya wageni juu. Halmashauri ikabandika mchoro wa barabara itakayopita mbele ya jengo, wananchi tuutazame, kisha Jumamosi tukautolee maoni. Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nimetoka Mkunya, nauza ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, pale pale kando ya barabara pamoja na mama yangu mkubwa, Mama Fadhili. Siku ming'oko isiponunuliwa, nyumbani hapakupikwa.

Nikaenda kuutazama mchoro. Pale tunapokaa pamechorwa bustani ya maua na nyasi, sisi hatumo. Nikarudi nalia. Wiki nzima nikawahubiria wauza ming'oko wenzangu kwamba tumefukuzwa, wote wakanuna pamoja nami, na kununa tulikuweza kwelikweli. Ijumaa Mama Fadhili, huku anapuliza moto, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Haya yote umemwambia nani?"

"Nimewaambia wote hapa, mama."

"Na hapa nani kachora?"

Nikajifanya nachochea kuni.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Kesho nenda kayaseme kwa aliyeshika penseli. Ukinyamaza mbele yake usije kunililia mimi, macho yangu yana moshi wa kutosha."

Jumamosi, mwanangu, nikaenda mkutanoni. Darasa la shule lilijaa walimu, mashehe, watu wa kanisani, wakulima waliotoka Mnyambe. Nikasimama.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Maua ni mazuri. Lakini maji ya kuchemshia ming'oko tunapanda nayo mlima kichwani. Ya kumwagilia maua atapanda nayo nani? Na sisi tutakaa wapi?"

Darasa likaangua kicheko, hata mwenye jengo. Mchoraji, kijana mpole kutoka Mtwara, akaniita. "Dada, njoo unionyeshe mnapokaa." Nikaweka kidole. Akatia mkono mfukoni, akatoa kifutio, akayafuta maua yote, akachora miarobaini miwili na baraza ya saruji ya kukalia.

"Na iwe karibu na mlango wangu," mwenye jengo akadakia. "Wageni watakula nini asubuhi?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vigelegele vya Mama Fadhili vilisikika mpaka stendi, nami nilifurahi hata nikasahau viatu vyangu mlangoni. Miarobaini ile ikakua, na chini yake niliuza ming'oko mpaka baba yako akamaliza shule.

Basi nakuusia hili. Ukiitwa kutoa maoni, nenda. Neno lako lisiishie kwa wanaolia pamoja nawe; lipeleke kwa adabu kwa mwenye penseli, na lipeleke mapema. Samaki mkunje angali mbichi, na saruji ikishakauka haifutiki. Mimi nililia wiki nzima, kumbe kifutio alikuwa nacho mfukoni.

Mungu akupe ulimi wenye heshima usioogopa watu, akupe na kivuli cha kukalia, na wa kukaa nawe. Amina.