Ungo wa Bibi Mwanne

Nyakabiga nzima inamjua Bibi Mwanne kwa maharagwe yake ya kupikwa. Anauza mwaka wa thelathini huu, na hakuna mtu aliyewahi kuumia jino kwa jiwe lililotoka chunguni mwake. Hilo hulisema mwenyewe, tena si kwa sauti ndogo.

Jingine analojivunia ni mjukuu wake Houda, msichana wa miaka kumi na mmoja. Mama yake anafanya kazi nyumba ya watu kule Kibenga na hurudi jua limezama, kwa hiyo mtoto kalelewa na bibi, na kalelewa kama bibi alivyolelewa: mkubwa akisema, macho chini, mdomo umefungwa. Majirani humsifu: "Mutoto wa Mwanne ana adabu, humsikii hata akipita."

Basi siku mwalimu Léonce alipomwita shuleni, Mwanne alivaa kitenge cha Idi. Alijua anakwenda kupewa pongezi.

"Mama, Houda atarudia darasa la tano," mwalimu akasema. Kijana mpole tu, shati limenyooka kwa pasi. "Daftari lake halina kosa. Lakini nikimuuliza, kimya. Namwambia aniangalie machoni ajibu, ndiyo kwanza anazidi kuinama. Wenzake wanamwita Bubu. Sasa mtoto asiyejibu, daftari lake nani anamwandikia? Kesho nampelekea direkta wa shule majina ya wanaorudia."

Mwizi wa majibu? Mjukuu wake? Mwanne alifungua kinywa amchambe kijana yule mpaka ukoo. Hapo jicho likamwangukia Houda, amesimama mlangoni, anatazama vidole vya miguu, mikono imekunjwa vilevile alivyofundishwa. Mwanne akafunga kinywa. Mbegu ile kaipanda yeye.

Alasiri wakakaa kuchambua maharagwe kama kawaida, ungo katikati yao. Haukupita muda, Houda, macho kwenye ungo, akaanza kumweleza bibi hesabu ya siku ile, na kwa nini njia ya kitabu ni ndefu bure. Anaongea kama mfereji! Mkono wa Mwanne ukabaki hewani.

Asubuhi, kabla ya kengele, bibi alikuwa barazani mwa shule na ungo wake, Houda kando yake.

"Mama, hapa si sokoni."

"Shule mi naijua, mwalimu. Nilimaliza la sita mama yako hajazaliwa. Kaa, uchambue. Muulize unachotaka, ila usimtazame."

Mwalimu akacheka. Alipoona bibi hacheki, akakaa. Watoto wakajaa: "Eeh, mwalimu anapika leo!" Mwanne akawafukuza kwa kanga.

"Nane mara kumi na saba?" Kimya. Mwanne kugeuka, kumbe mwalimu kamkodolea mtoto macho.

"Macho kwenye maharagwe, we mwalimu!"

Akainama.

"Mia moja thelathini na sita," sauti ikasema, nyembamba.

Akauliza la pili, la tano, la kumi. Majibu yakaja mbio kuliko vidole vya mwalimu vilivyookota mawe. Mwisho akauliza: "Gunia la maharagwe la kilo mia, familia nane zinagawana sawasawa. Kila moja inapata kilo ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu." Houda akasita. "Lakini mwalimu, gunia mulilipima mawe yakiwa ndani, au yameshatolewa?"

Na akainua uso, akamtazama mwalimu machoni, akingoja jibu.

Mwanne kwa mazoea alishavuta pumzi amkemee. Akaimeza.

"Apana," mwalimu akasema polepole. "Hilo sikulifikiria." Akachomoa mfukoni karatasi ya majina na kalamu, akafuta jina moja, akainama tena kwenye ungo. "Haya, tupige hesabu upya. Mawe tuseme kilo ngapi?"

"Kwa bibi yangu?" Houda akasema. "Hakuna."