Nafisa, fundi wa hewa ya wachimbaji

Asubuhi hii jua la Rumonge limeshaanza kuchoma, na Nafisa anashonea nje, kitambaa chenye maji kichwani. Baraza lake halina kivuli. Turubai lililokuwa hapo alilikata mwenyewe, na hajutii hata kidogo.

Anachoshona ni bomba la turubai, pana kama ndoo, refu kuliko ua wake. Huko milimani, kwenye shimo la dhahabu anakochimba mdogo wake Tahiri, bomba hilo hufungwa kwenye feni inayoendeshwa na jenereta, nalo hushusha hewa safi hadi chini. Bila hilo, mtu hachimbi, anajizika.

Akimaliza, hulijaza upepo wa feni, kisha hupitisha shavu lililoloweshwa maji juu ya mshono mzima, asikie kama kuna hewa inayovuja.

"Mukono inadanganya," anacheka. "Shavu haidanganyi."

Mwaka jana ilinyesha mvua kubwa. Ili jenereta isilowe, wachimbaji wakaisogeza chini ya kibanda kimoja na feni. Walidhani wanaokoa mashine. Masikini! Feni ikauvuta moshi wa jenereta, bomba likaufikisha wote kwa Tahiri.

Jean Bosco, mwenzake aliyekuwa juu, alitikisa kamba ya kuitana. Haikutikiswa kutoka chini. Alitaka kushuka, ndipo pua ikamwambia kuna moshi. Akaikokota jenereta mvuani, ingali inanguruma, na feni ikaanza kupeleka hewa safi. Akangoja, kamba mkononi. Hatimaye kamba ikacheza. Tahiri alikuwa amezinduka na kujifunga kamba hiyo kiunoni, wakamvuta.

"Nilisema ni mushono yangu imemuua," Nafisa anasimulia, machozi yakimlengalenga. "Kumbe ile bomba yenye ilimupelekea moshi, njo hiyo hiyo ilimurudishia hewa. Alhamdulillah! Na Bosco, namuombea kila sala."

Tangu siku hiyo kila bomba analiongezea kipande cha bure, ili feni ikae mbali na jenereta, upande unakotoka upepo. Kipande cha kwanza ndicho kile alichokikata barazani.

Tahiri anafika kulichukua. Analitwika begani, anaguna.

"Dada, hii iko muzito! Punguzako kidogo."

"Beba! Huo uzito njo unanirudishia weye nyumbani."

Nafisa anakusudia kununua turubai jipya, ila baraza litasubiri. Baada ya Ramadhani Tahiri anamuoa Warda, na dada mtu anataka kushona kivuli cha harusi kitakachofunika ua mzima.

"Bosco atakaa mbele," anasema. "Wajomba watakaa nyuma yake."