Ndege ya Neema Haijafika

Ndege nimepanda mara moja tu maishani, kutoka Mbeya kwenda Dar. Soda sijaimaliza, tumetua. Tangu siku hiyo nikajiona mtaalamu wa anga.

Kwa hiyo binti yangu Neema aliporuka asubuhi kutoka Dar kwenda kusoma China, nikapiga hesabu zangu: China ni mbali, basi tuseme masaa matatu. Mchana nikampigia. Simu haipatikani. Nikapiga tena na tena, wapi! Ugali ukanishinda, nikaanza kulia.

Jirani yangu, Mama Joni, akaja mbio. "Kuna nini, dada?"

"Ndege ya Neema haijafika!"

Akatoka analia kuliko mimi. Hata uso sijanawa, wanaume wameshawasha moto uani, wanawake wanaingia na unga na masufuria, na katekista ameanzisha wimbo wa msiba. Tukalia mpaka jioni.

Mara simu ikaita. Nikabonyeza spika.

"Mama, ndiyo kwanza nimetua! Lakini mbona nasikia nyimbo za msiba hapo? Nani amefariki?"

Wimbo ukakatika. Uani kote wakanigeukia, wasikie nitamtaja nani.