Misumari Mdomoni

Zamani mafundi saba wa karakana ile ya makochi, waliozoea kubana misumari midomoni wakigongelea vitambaa, waliitema saa sita mchana wakala pamoja. Sasa fundi mmoja mzee alibaki peke yake, na misumari ilikaa mdomoni mwake hadi jioni.

Kizunguzungu kilipomwangusha mara ya pili, binti yake alitaka karakana ifungwe. Akajaribu kwanza kumletea mshauri wa lishe.

"Huyu naye atanikataza chumvi," mzee alinung'unika.

Mshauri hakukataza kitu. Alikaa asubuhi nzima akimtazama mzee akigongelea vitambaa, akamuuliza habari za usingizi na za marehemu mkewe.

"Baba, chakula chako hakina kosa," mshauri alimwambia. "Ila unakula mara moja tu, jioni, tena kwa hasira. Saa sita tema misumari, ukae, ule."

"Nile na nani, mwanangu? Na kuta?"

Mzee alitii huku akilalamika. Kizunguzungu kikaisha, karakana ikabaki wazi, naye akazidi kuudhika: mgeni mwenye cheti kumfundisha jambo ambalo wenzake walilijua bila kufundishwa!

Mara ya mwisho walipoonana, mshauri alikuja kuaga, amehamishiwa mbali. Ilikuwa saa sita. Mzee alitema misumari, akamsogezea kochi ambalo halijakwisha, akamkatia nusu ya mkate wake.