Vidole Viwili vya Kokushubira

Kokushubira hakuomba kwenda Ulaya. Alikuwa mjane wa miaka ishirini na sita, mwenyeji wa Kamuli huko Karagwe, yaya katika nyumba ya mhandisi Mswisi aliyefanya kazi kwenye mgodi wa bati huko Kyerwa. Alikuwa amemlea binti yao, Elsi, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mwaka 1951 mhandisi alipata likizo, na mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Elsi, akasema hawezi safari ndefu namna ile bila msaada.

"Miezi sita tu, Kokushubira. Kahawa ikianza kuiva utakuwa umesharudi."

Kokushubira naye alikuwa na mtoto, Eustadia, wa miaka miwili. Alimpeleka kwa wifi yake Adventina, dada wa marehemu mumewe, mwanamke aliyezika watoto wawili na hakujaliwa mwingine. Adventina alimpokea mtoto upesi mno. Kokushubira aliliona hilo, akalimeza.

Walikwenda kwa lori hadi Bukoba, wakavuka ziwa, wakapanda treni, kisha meli, kisha treni nyingine. Walipofika, Kokushubira alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuutazama mji. Aliutazama kesho yake, dirishani. Ulikuwa umebanwa kati ya ziwa na milima, na jina lake hakuweza kulitamka vizuri mpaka anazeeka. Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, ng'ambo yake ikionekana. Milima ndiyo iliyomtisha. Ya Karagwe ina nyasi na ng'ombe mpaka kileleni. Hii ilikuwa mawe matupu, na juu ya mawe, theluji.

Wageni walifurika mjini humo kwa ajili ya theluji hiyo. Walipanda mlima tangu asubuhi wakiwa wamebeba mbao mbili nyembamba zilizopindwa ncha, wakazifunga miguuni, wakateremka kwa kasi huku wanapiga kelele. Wakifika chini, wanapanda tena. Kokushubira alishindwa kuelewa mtu mzima anapanda mlima ili apate nini, kama juu hakuna shamba wala kisima. Lakini yeye naye alipanda, kila siku, mbao za Elsi begani na kikapu cha chakula mkononi. Jioni miguu ilimwaka moto. Walimlisha jibini iliyoyeyushwa chunguni, wakichovya vipande vya mkate na kucheka, nayo ilinuka kama kibuyu cha samli kilichosahauliwa juani. Samaki wa ziwani aliwapenda. Viazi alivila kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo. Usingizini aliota bitoke, ndizi za kupika za kwao, na maharage, moshi wa jikoni ukimwingia machoni.

Siku ya mkasa ilikuwa Januari. Mhandisi na mkewe waliteremka upande wa pili wa mlima, wakamwacha Kokushubira na Elsi kwenye kibanda cha kuuzia supu. Kokushubira alikaa kwenye benchi, akavua kiatu kimoja ili avute soksi. Aliposimama, Elsi hakuwapo. Msichana wa miaka sita alikuwa amefunga mbao zake akamfuata mama yake, na ukungu ulikuwa umeshuka.

Mwenye kibanda alimshika mkono akamwonyesha kwa vidole kwamba angoje, watu wataitwa. Kokushubira alijinasua. Alizifuata alama mbili za mbao kwenye theluji, akizama mpaka magotini.

"Elsi! Elsi, mwanangu, itika!"

Alimkuta chini ya mti, ubao mmoja umemtoka, kifundo cha mguu kimevimba. Mtoto alikuwa halii tena, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Yaya, nataka kulala," alisema Elsi kwa Kiswahili, lugha waliyozungumza wawili hao.

"Hulali. Nihesabie ng'ombe. Mmoja..."

Alifungua shuka alilojitanda ndani ya koti, akamfunga mgongoni kama alivyomfunga alipokuwa mchanga. Mahali fulani kiatu chake cha kushoto kilibaki ndani ya theluji. Alipapasa, hakukipata, akaendelea. Hakuiona njia. Alisikia kengele ya kanisa kutoka mjini, ikapiga, ikanyamaza, akaufuata upande ule ule mteremko mzima. Elsi alihesabu ng'ombe, akakosea, akaanza upya.

Watu waliotumwa kuwatafuta waliwakuta karibu na nyumba za kwanza. Mama Elsi alilia, akamkumbatia mtoto, kisha akamkumbatia yaya. Kifundo kilipona. Mguu wa Kokushubira haukupona: vidole viwili viligeuka vyeusi, daktari akavikata, kidonda kikakawia. Likizo ilipokwisha mhandisi alirudi Kyerwa peke yake. Mkewe alibaki ili Elsi aanze shule, na daktari akamkataza Kokushubira kusafiri.

"Kaa nasi moja kwa moja," Mama Elsi alimwambia. "Hapa ni kwako."

"Mama, nina mtoto."

"Najua. Lakini ana shangazi yake."

Kokushubira aliendelea kukunja nguo, na alipomaliza alisema, "Naomba kurudi." Ilichukua miezi mingi kabla ya kupatikana watawa waliokuwa wakienda Bukoba ambao angeweza kufuatana nao. Alifika Kamuli akichechemea, mwaka mmoja na miezi minne tangu aondoke.

Adventina alikuwa uani akimenya ndizi. Alisimama, kisu mkononi.

"Eustadia, njoo. Msalimie mama yako."

Mtoto alikuja, akapiga magoti vizuri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Kokushubira, akanyoosha mikono. Mtoto alirudi nyuma ya gauni la Adventina, akanong'ona kwa sauti waliyoisikia wote, "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?"

Adventina aliangua kilio. Kokushubira hakulia. Alikaa kwenye jamvi kwa sababu mguu ulimuuma, akaomba maji ya kunywa.

Angeweza kumchukua mtoto kwa nguvu. Ndugu zake walimshauri hivyo. Lakini alikumbuka alivyokuwa Elsi mgongoni, akimng'ang'ania mtu ambaye hakumzaa bila shaka yoyote, akaona hawezi kumng'oa mtoto mahali aliposhika. Alitengeneza kibanda mwisho wa shamba la mumewe, akapalilia migomba na kahawa, na kila alasiri akachechemea hadi kwa wifi yake, akakaa, akasaidia kumenya, akarudi peke yake. Watu walimwuliza habari za Ulaya. Mwanzoni aliwasimulia. Baadaye alisema tu, "Kuna baridi."

Hivyo kwa miaka mitatu. Ndipo Adventina alipougua mapafu, akashindwa kuinua hata mtungi, na Kokushubira akahamia kwake amwuguze. Asubuhi moja Eustadia alimkuta jikoni, ameketi huku ameegemea ukuta, macho amefumba, moto umezimika.

"Umechoka?" aliuliza mtoto.

"Nimechoka."

Eustadia aliinama akaupuliza moto mpaka ukawaka. Kisha akaenda kuchota maji, na Kokushubira akajiinua taratibu, akaanza kumenya ndizi za watu watatu.