Nilivyojifunza kuruka kama sungura kwenye game ili duara letu lipate pampu

Wakuu, habari za mihangaiko. Kaeni vizuri niwape kisa changu, na sijaongeza chumvi hata chembe. Anayebisha aje Tarime aulize.

Enzi zile watu tumechanganyikiwa na dhahabu, niliacha mahindi ya baba kule Itiryo nikaenda kuchimba upande wa Gorong'a.

Ikapiga mvua. Duara letu, yaani shimo letu la kuchimbia, likajaa maji. La jirani zetu, kina Marwa, nalo likajaa.

Pampu ya kuvuta maji ilikuwa moja tu, ya Bi Zuhura. Huyu mama alitoka Tanga kuja kuuza vitenge, akaishia kufungua na banda la game. Kompyuta mbili na jenereta.

Tukaanza kugombania pampu. Na Wakurya tukigombana hatunong'oni. Watu wakaanza kuyatupia mapanga jicho la mapenzi.

Bi Zuhura akatoka bandani, kafunga ushungi wake vizuri.

"Sitaki damu kwenye vitenge vyangu! Kila duara litoe mtu mmoja, Jumamosi waje washindane kwenye game. Atakayeshinda, watu wake ndio watangulie kuja kuniomba pampu."

Wenzangu wakanichagua mimi. Sababu? Ndimi pekee niliyewahi kushika mouse. Niliishika nikiwa nafuta vumbi kwenye stationery ya shemeji, ila hilo sikulisema.

Game yenyewe ni zile za risasi, unaona mikono yako na bunduki mbele. Ila siku hiyo tungecheza map ya mbio: masanduku yanaelea angani, chini shimo. Ukianguka, umetoka; wa kwanza kufika sanduku la mwisho ndiye mshindi.

Nikamfuata Otieno, fundi wa kuchomelea kutoka ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, jamaa anacheza hadi unadhani ana mbawa. Akaniangalia nikikimbia kwenye screen, akasikitika.

"Buda, unakimbia ni kama umebeba gunia. Jifunze bunny hop. Ukiruka, achilia W ya kwenda mbele. Finya A ya kwenda left, hiyo ndiyo strafe, halafu zungusha mouse left, polepole. Ukigusa chini tu, ruka tena. Usingoje."

Wakuu, kusikia ni rahisi.

Vidole vilielewa, mwili ukakataa. Nikikata kushoto kwenye game, na mimi nalala kushoto kwenye benchi. Kuna siku nilimlalia mteja wa vitenge. Bi Zuhura akanitoa nje nikapoe.

Nyumbani ikawa balaa. Nakula ugali huku mabega yanaenda kushoto, kulia, kushoto.

"Baba Ghati, shingo imepatwa na nini?" mke wangu akauliza.

"Nafanya strafe."

Akachukua simu akatoka nje. Kesho yake mama akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo strafe inaambukiza?"

Sikukata tamaa. Ijumaa, katikati ya mazoezi, kitu kikakubali. Nikaruka, nikakata kushoto, nikagusa, nikaruka, nikakata kulia, naona masanduku yananipita kama upepo! Nilipiga yowe, mteja akaacha kitenge akakimbia. Nilijisikia kama nimekuta mwamba wenye dhahabu.

Jumamosi banda likafurika. Maduara yote mawili yalihamia pale, machimboni hakubaki mtu wetu.

Marwa, aliyechaguliwa na wenzake, hakujua mbinu yoyote. Yeye alikuwa anatembea. Sanduku moja, anapumua, sanduku lingine.

Mimi nikawasha. Ruka, kata, ruka, kata. Watu wangu wanapiga kelele za Kikurya za kumsifu kijana, "Mura! Mura! Mura!" Speed ikapanda mpaka hata mimi nikaogopa.

Nikaliona sanduku la mwisho linakuja.

Nikaliona linapita chini yangu.

Nikaliona liko nyuma.

Shimoni.

Marwa akacheka. Alicheka hadi machozi, akaegemea keyboard, na mtu wake wa kwenye game akatembea taratibu hadi ukingoni, akadondoka naye.

Ugomvi ukaanza upya. Sisi tukadai nimeanguka mbele zaidi. Wao wakadai Marwa ameanguka kwa heshima.

Tukiwa hapo, nje ikaanza kunguruma mashine. Tukatoka mbio. Pampu inavuta maji kwenye duara la tatu, la akina mama wanaochekecha mchanga kule bondeni. Wanaimba kabisa.

"Bi Zuhura, vipi tena?"

"Wamekuja wakaniomba, nikawapa. Nyie tangu mvua inyeshe, nani kaja kwangu akasema naomba?"

Marwa akavua kofia. "Shikamoo mama. Tunaomba na sisi."

Tukapewa Jumatatu, maduara yote mawili kwa zamu. Tulichokuta chini ni tope.

Nilichojifunza: omba kwanza, ruka baadaye. Na usijifunze kuongeza mwendo kabla hujajua kusimama.

Sasa wataalamu wa game mliomo humu, mnisaidie na mnicheke mkimaliza: ukiwa hewani speed imekuzidi, breki iko button gani?