Mto wa Mguu wa Kushoto

Hakuna mto uliotoka kwenye karakana ya Fundi Wayo kabla mwenyewe hajaukanyaga. Mito yenyewe haikuwa ya kulalia. Ni vile vipande vya ngozi na gome jepesi la kizibo, vilivyovimba katikati, ambavyo mtu mwenye nyayo bapa huviweka ndani ya kiatu ili viushike mguu pale ambapo Mungu alisahau kuuinua. Wateja ndio walioanza kuviita mito, na jina likaganda.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Mteja alivua viatu, akachovya miguu kwenye karai la maji, akakanyaga karatasi ya mfuko wa saruji. Kabla alama haijakauka, Fundi aliizungushia mkaa. Mguu wa kawaida huacha alama yenye kiuno. Mguu bapa huacha alama nene, nzima, kama mkate uliokanyagwa. Kisha pembeni aliandika kazi ya mtu, si jina lake: mlinzi, kinyozi, mpishi, mwalimu. Alikuwa akisema mguu unaijua kazi ya mwenyewe, jina lake haulijui. Karatasi moja tu ndiyo iliyoandikwa vingine. Hiyo iliandikwa "dada".

Baada ya kukata, kugundisha na kupiga msasa, ndipo ilipokuja ile sehemu aliyoipenda. Aliuweka mto kwenye sakafu ya saruji, akavua viatu, akaukanyaga kwa uzito wake wote, akafumba macho na kuhesabu mpaka mia. Nyayo zake zilikuwa bapa kuliko za wateja wote, kwa hiyo palipomuuma yeye pangewauma na wao. Zamani ungeweza kuficha punje ya mchanga chini ya ile ngozi, naye angekwambia iko upande gani. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yake, na hakuwa na nyingine.

Miguu hiyo waliirithi kwa mama yao, yeye na dada yake mdogo. Utotoni waliitwa bata, wote wawili, na walipokimbia mashindano shuleni walikuwa wa mwisho na wa mwisho kasoro mmoja. Akiwa na miaka kumi na mitano Fundi alikunja kipande cha mkanda wa zamani, akakisokomeza ndani ya kiatu, akatembea hadi sokoni na kurudi bila kukaa chini hata mara moja. Kesho yake akamtengenezea na dada yake. Tangu hapo, mwaka ukigeuka, dada alipata mito mipya bila kuomba.

Dada huyo alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Alisimama tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, mkono mmoja kwenye pasi, mwingine kwenye kola za mashati ya watu asiowajua. Alipofiwa na mumewe alihamia kwa kaka yake, kwenye chumba kilicho nyuma ya karakana, wakawa wanazeeka pamoja kwa kutaniana. Yeye alimwambia kaka yake kwamba mabwana wote wa mjini wananyoosha mashati kwake ila kaka mtu peke yake ndiye anavaa makunyanzi. Kaka naye alijibu kwamba anaogopa atapigwa pasi akiwa ndani ya shati.

Miaka minne iliyopita daktari alimwambia Fundi kwamba ana sukari, na kwamba achunge sana miguu yake. Fundi alisikia nusu. Akaacha kutia sukari kwenye chai, akajiona amemaliza deni lake na ugonjwa. Dawa alikunywa alipokumbuka. Mimi simlaumu. Hapana, nasema uongo, namlaumu, maana mtu anayeishi kwa kushika miguu ya wenzake angalau angeitazama ya kwake.

Ganzi haikuja kwa kishindo. Ilianzia vidoleni, ikapanda taratibu, na nani anayeshtuka kwa sababu kitu kimeacha kumuuma? Alichogundua Fundi ni kimoja tu: kwamba mito yake imekuwa mizuri. Zamani alirudi kwenye msasa mara tano, mara sita, ndipo mto ukubali. Sasa aliukanyaga mara moja, akahesabu mpaka mia, kimya. Hakuna kinachochoma, hakuna kinachobana. Akavimba kichwa. "Mkono umekomaa," alimwambia dada yake. "Miaka yote ile nilikuwa najifunza tu."

Kisha malalamiko yakaanza. Mlinzi alirudisha mito yake akisema inamtoa malengelenge. Kinyozi aliitoa kwenye viatu na kuitupa, akamsimulia kila aliyekaa kwenye kiti chake. Fundi akasema wana wivu, akasema wamenunua viatu vya bandia, akasema watu wa siku hizi wamedeka.

Mwalimu hakuwa mtu wa kutupa vitu. Alikuja jioni moja baada ya vipindi, akafungua leso, akautoa mto na kuuweka mezani.

"Fundi, huu unanichoma. Hapa, ukingoni. Nimejikaza wiki mbili, sasa nashindwa kusimama ubaoni."

Fundi aliuchukua mto, akauweka sakafuni, akavua kiatu, akaukanyaga mbele ya macho yake. Akahesabu kwa sauti mpaka mia.

"Mbona mimi sisikii kitu, mwalimu?"

"Labda wewe. Mimi nasikia."

"Basi mguu wako umedekezwa. Mto hauna kosa."

"Kwa hiyo mguu wangu unasema uongo?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni, ndiyo kwanza ametoka kazini, kikombe cha maji mkononi. Siku hizo alikuwa anakunywa maji kupita kiasi, na gauni lilikuwa limeanza kumpwaya. Akamtetea kaka yake, kama kawaida.

"Mwalimu, mimi na wewe miguu yetu ni saizi moja, si tulishawahi kubadilishana viatu hapa hapa? Mimi ya kwangu ni raha tupu. Siku hizi nikiivaa najiona kama sina miguu kabisa."

Wakacheka, ndugu wawili. Mwalimu hakucheka. Alikunja leso yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake, na Fundi akabaki na ushahidi wa dada yake, akautumia kumziba mdomo kila aliyelalamika.

Ilikuwa Jumapili asubuhi alipovichukua viatu vya dada abadilishe mito, kwa kuwa mwaka ulikuwa umegeuka. Alipouvuta wa kulia ulikuja kwa shida, umenatana na soli. Ngozi ilikuwa imelowa, na ina doa la kahawia. Kwanza alidhani ni rangi ya viatu. Halafu harufu ikamfikia.

"Hebu kaa. Inua mguu nione."

"Una nini leo wewe? Ngoja basi ninawe."

"Kaa, nimesema!"

Akaupakata mguu wa kulia. Chini yake, pale pale ukingo wa mto ulipoishia, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kizibo cha soda, cheusi pembeni, na katikati kina shimo. Aligusa kando yake kwa kidole.

"Unaumia?"

"Naumia nini?" dada aliuliza, akiinama kutazama. Alipokiona akasema polepole, "Kaka, hicho ni changu?"

Hospitali waliwapokea wote wawili, kwa sababu daktari alipouliza habari za sukari katika ukoo, Fundi alilazimika kusema. Dada naye alipimwa, na sukari yake ilikuwa juu sana. Alikuwa nayo siku nyingi bila kujua. Wakati wanamwandalia kitanda, daktari alimtazama Fundi anavyotembea, akamwambia avue viatu na alale chali.

"Nitakugusa nyayo kwa uzi huu. Fumba macho. Kila ukisikia, sema ndiyo."

Fundi akafumba macho. Alisubiri. Alisikia mashine ikilia chumba cha pili, alimsikia muuguzi akicheka kwenye ukumbi, akasubiri tena mpaka akachoka.

"Anza basi, daktari."

"Nimeshamaliza," daktari alisema.

Nimesikia watu wakisimulia habari hii kana kwamba ni kichekesho. Si kichekesho. Mtu yule alilala pale akiwahesabu kimoyomoyo mlinzi, kinyozi, mpishi, mwalimu, na kila aliyemrudishia mto akamfukuza kwa maneno, huku amesimama juu ya vidonda vyao asisikie lolote. Na shahidi wake pekee alikuwa dada yake, ambaye naye hakusikia.

Baada ya majuma matatu walimkata dada mguu wa kulia, chini ya goti. Daktari alisema sukari ndiyo iliyofanya, mto ulifungua mlango tu. Alikusudia kumfariji.

Dada hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomla Fundi. Angempigia kelele angalau angekuwa na la kujibu. Yeye alikaa kitandani, akajifunza magongo, akatania kwamba sasa kaka atapata nafuu, ngozi itatumika nusu. Siku moja akasema:

"Dukani wamekubali nirudi. Nitapiga pasi nimekaa, lakini kwenda na kurudi lazima nitembee. Nitengenezee wa kushoto."

"Mimi?"

"Sasa nimwambie nani? Huu mmoja ndio unaonibeba mzima. Daktari kasema ukitoka kidonda na huu unakwenda." Akamtazama usoni. "Siutaki mto wa kununua. Niliuvaa, unanisukuma nje. Nitengenezee, kaka."

Akautengeneza. Alitumia kizibo laini kuliko vyote, akapiga msasa mpaka mkono ukafa ganzi, akauweka sakafuni kwa mazoea, akavua kiatu. Mguu ulipofika juu ya mto ndipo alipokumbuka. Alisimama hapo, mguu mmoja juu, akashindwa kuushusha. Angeweza kuhesabu mpaka elfu. Asingejua chochote.

Akajaribu kwa kidole gumba. Kidole kilimwambia ngozi ni laini, basi. Hakikuwa na uzito wa mwili, hakikuwa kimewahi kusimama kutwa. Akashika tama mbele ya karatasi zilizotundikwa ukutani, na baada ya muda akateremsha mbili, ya dada na ya mwalimu, akazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ulipopita, mistari ya mkaa iliangukiana. Hata kidole kidogo kilichopinda ndani kilikuwa pale pale kwa wote wawili.

Mwalimu alikuwa peke yake darasani, anasahihisha madaftari. Fundi alisimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema yote tangu mwanzo, sukari, uzi wa daktari, mguu wa dada, wala hakujaribu kuyapunguza. Kisha akautoa mto mfukoni.

"Uliniambia mguu wangu umedekezwa," mwalimu alisema.

"Nilikuambia. Nilikosa, mwalimu. Mguu wako ulisema kweli, mimi ndiye niliyekuwa nasema uongo."

Mwalimu alikuwa na haki ya kukataa, na nadhani aliifikiria. Halafu akasogeza kiti, akavua kiatu cha kushoto.

"Lete."

Fundi alipiga magoti kwenye vumbi la chaki, akamwekea mto sakafuni. Mwalimu akaukanyaga, akasimama wima.

"Hapa panachoma."

Fundi akautoa, akapiga msasa pale pale kwenye mguu wa dawati, akaurudisha.

"Bado. Sasa unanibana kisiginoni."

Akaurudia. Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Kila mara mwalimu aliposema panauma, Fundi aliitikia asante. Mara ya sita akamwomba auvae ndani ya kiatu, atembee hadi ubaoni na kurudi, asimame kama anafundisha. Mwalimu akatembea, akasimama.

"Sasa?" Fundi aliuliza.

"Sasa sisikii kitu."

Fundi alishtuka, msasa ukamdondoka. Akamshika mwalimu kiatu kwa mikono miwili, adabu zote amezisahau.

"Husikii kitu, au haukuumi? Niambie vizuri, mwalimu. Niambie vizuri."

Mwalimu akauona uso wake, akaelewa. Akaukanyaga tena, taratibu, kisigino, katikati, vidole.

"Nausikia, fundi. Upo, umenishika. Lakini hauniumi."

"Rudia."

Mwalimu akarudia, neno kwa neno, kama anavyowarudia watoto, na Fundi, bado amepiga magoti mbele ya mguu usio wa dada yake, akalia.